Bima ya PPI kwenye mkopo wa marehemu baba, Uingereza: bado kuna la kudai?

Neema_RG:

Habari za jioni wakuu. Naombeni mwongozo, hasa ninyi mliokaa Uingereza miaka mingi.

Baba yetu alifariki mwezi wa tatu huko Tanga. Aliishi Reading tangu 1996 akiendesha minicab, akarudi nyumbani moja kwa moja 2014. Mali na madeni yake ya huku nasimamia mimi. Kwenye bahasha zake nimekuta mkataba wa mkopo wa Oktoba 2003 kutoka benki moja kubwa ya hapa. Alikopa pauni 8,000 za kumalizia nyumba ya Chumbageni. Chini ya hiyo 8,000 kuna mstari wa bima ya kulinda malipo (PPI), ile ya kukulipia marejesho ukiugua au ukikosa kazi, pauni 1,840, jumla inakuwa 9,840. Miezi 60, riba ya mwaka (APR) asilimia 11.9, marejesho pauni 215.30 kwa mwezi. Alimaliza Oktoba 2008 na sijaona mahali alipochelewesha hata mwezi mmoja.

Kuna na barua ya 2012. Kumbe alishalalamika, wakamjibu kwamba madai yamekataliwa kwa sababu alitia saini na kisanduku cha bima kimewekwa tiki. Nimeiangalia hiyo tiki vizuri: imechapwa na mashine pamoja na maandishi mengine. Kalamu ya baba ni ya bluu na iko kwenye saini tu.

Juzi kapiga mtu, jina la baba analo, anasema kuna pauni 4,000 zinamsubiri ila nitangulize 250 za kufungua faili. Mume wangu anasema ni matapeli. Mdogo wangu aliyeko Tanga anasema nilipe, hela itajengea kaburi. Nimesikia madai ya kurudishiwa hela za PPI yalifungwa 2019. Je, ni kweli hakuna kitu tena? Mama pia alikuwa na kadi ya mkopo ya benki hiyohiyo, yeye alikuwa nesi wa NHS (hospitali za serikali), sijui kama nayo inahusika au la.

Nawasilisha.

Kisu Kikali:

Poleni na msiba dada. Ila tusidanganyane, hakuna kitu hapo. Mwisho ilikuwa 29 Agosti 2019. Walitangaza miaka miwili mizima, hadi kichwa cha bandia cha Arnold Schwarzenegger kikawa kinapiga kelele kwenye TV watu waamue. Aliyelala kalala.

Na mimi huwa sielewi hii lawama kwa mabenki. Mtu mzima, kapewa karatasi, kaisoma, kasaini, kachukua hela kajengea nyumba. Halafu miaka ishirini baadaye anataka arudishiwe. Benki si shangazi yako.

FundiFaili:

Dada Neema, poleni sana. Mungu ampumzishe mzee mahali pema.

Huyo wa 250 mfungie namba leo hii. Kampuni halali za kudai PPI hukata chao kwenye fidia ikishalipwa, na tangu Julai 2018 sheria imeziwekea kikomo cha asilimia 20 ukiacha VAT. Anayetaka hela mbele anataka hiyo 250 tu, basi. Jina la mzee lisikushtue, orodha za majina zimeuzwa sana nchi hii.

Mimi nilifanya kazi kwenye kituo cha kushughulikia malalamiko ya PPI huku Leeds, nimeajiriwa na wakala lakini kazi ni ya benki. Barua kama ya mzee naijua ilivyotengenezwa. Aya zilikuwa zimeshaandikwa kwenye kompyuta, unachagua ipi iingie, unaweka jina na tarehe. "Ulitia saini" ilikuwa aya mojawapo.

Tupige hesabu kwanza, maana wengi hawaoni uchungu mpaka waone namba. Pauni 8,000 kwa riba ileile na miezi ileile, mzee angelipa kama pauni 175 kwa mwezi. Alilipa 215. Hiyo 40 ya juu ni bima pamoja na riba ya bima, na kwa miaka mitano imevuka pauni 2,400. Yaani benki ilimkopesha hela ya kununua bima inayouzwa na benki, kisha ikamtoza riba kwa hela ambayo hata mkononi hakuishika. Bima za namna hiyo, zinazobandikwa kwenye mkopo zote kwa mpigo siku ya kwanza, ziliondolewa sokoni 2009.

Na ilimkinga na nini? Dereva wa minicab amejiajiri. Kwenye mikataba mingi ya wakati ule, aliyejiajiri hakulipwa chochote kwa kukosa kazi mpaka athibitishe kwamba biashara imefungwa kabisa. Abiria wakipungua, gari likikaa gereji mwezi mzima, hilo ni lako. Kwenye skrini tulikuwa na maswali: aliambiwa ni hiari? Kwa kazi yake na afya yake angeweza kudai? Alishakuwa na kinga nyingine? Faili za madereva zilikuwa zinakwama kwenye swali la pili. Za manesi zilikwama la tatu, na hapo nitarudi kwa mama.

Kisu Kikali, hoja yako mabenki yenyewe yaliipeleka High Court, siyo ngeni. Chama chao, BBA, kilipinga kanuni mpya za kushughulikia malalamiko. Wakashindwa Aprili 2011. Mwezi uliofuata benki ya Lloyds ikajitoa kwenye mapambano na kutenga pauni bilioni 3.2 peke yake. Kwa jumla mabenki yalirudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Benki gani unayoijua wewe inagawa bilioni kwa huruma?

Lakini jibu zuri zaidi la "alisaini" lilitoka Mahakama ya Juu, Novemba 2014, kesi ya Plevin dhidi ya Paragon, kampuni ya mikopo. Bi Plevin alikuwa mjane, mwalimu wa chuo, kwa hiyo kusoma anajua. Mwaka 2006 alikopa pauni 34,000, akawekewa bima ya 5,780. Katika hizo, kampuni ya bima yenyewe, inayobeba hatari yote, ilipata 1,630. Dalali alichukua 1,870 na Paragon ikabaki na 2,280. Asilimia 71.8 ya hela ya bima ilikuwa kamisheni. Aliambiwa kamisheni ipo, kiasi hakuambiwa. Mahakama ilikubali kwamba hakuna kanuni ya msimamizi wa mabenki iliyomlazimu Paragon ataje kiasi, na bado ikasema uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji haukuwa wa haki, kwa kifungu cha 140A cha sheria ya mikopo ya 1974. Mimi hapo ndipo ninapoona wajibu wa benki ulipo. Kufuata kanuni hakutoshi ikiwa unajua kitu ambacho mteja angekijua angesimama akaondoka. Baada ya hukumu hiyo FCA, msimamizi wa mabenki, ikachora mstari: kamisheni ikizidi asilimia 50 bila mteja kujua, kilichozidi kirudishwe.

Sasa mkopo wa mzee. Malalamiko ya kawaida kwa benki yalifungwa kweli 2019, labda pawe na sababu nzito ya kipekee. Mahakamani ni njia nyingine na muda wake ni mwingine: miaka sita tangu mkopo uishe. Wake uliisha Oktoba 2008, kwa hiyo 2014 ilimpita. Ila Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mkopeshaji Canada Square na Bi Potter. Mkopo wake uliisha 2010, akashtaki 2018, kamisheni ilikuwa zaidi ya asilimia 95 ya hela ya bima. Mahakama ikasema benki iliificha kamisheni hiyo kwa makusudi, kwa hiyo miaka sita inahesabiwa tangu mteja alipogundua, au tangu siku ambayo angegundua kama angefuatilia kwa bidii ya kawaida.

Kwa mzee hapo ndipo pagumu. Mwaka 2017 mabenki yalitakiwa kuwaandikia watu waliokataliwa zamani, kuwaeleza habari ya kamisheni. Yake, kama ilitumwa, ilienda Reading na yeye yuko Tanga anakunywa madafu. Ninyi mtasema hakujua. Benki itasema nchi nzima ilikuwa inaimba PPI na yeye mwenyewe alishalalamika 2012. Na shahidi wa alichokijua na lini alikijua ndiye tumemzika. Wakili anaweza kukubeba, lakini mimi nisingeweka hela yangu hapo.

Kadi ya mama ni habari nyingine kabisa na nashangaa umeitaja mwishoni kama nyongeza. Jibu maswali mawili: kwenye taarifa zake za mwezi kulikuwa na makato ya bima? Na kadi ilifungwa mwaka gani?

Mwl_Igunga:

Naomba kuchomekea swali la nyumbani, samahani mleta mada. Mimi ni mwalimu, mkopo wangu wa mshahara nilikatwa bima kabla hela haijaingia, nikapokea pungufu. Mwaka uliofuata niliongeza mkopo, nikakatwa bima tena kwa mkopo mpya wote, na ule wa zamani ulikuwa haujafika hata nusu. Afisa mikopo nikimuuliza ile bima ya kwanza imeenda wapi ananijibu "mwalimu, huo ni utaratibu." Hiyo nayo si PPI?

Dada wa Kaunta:

Mwalimu, shikamoo. Nipo kwenye benki, Dodoma, kwa hiyo naongea kwa tahadhari kidogo.

Bima ya mkopo ya huku kwa kawaida ni ya kifo na ulemavu wa kudumu. Haikulipii ukiumwa malaria wala mshahara ukichelewa. Anayelipwa ni benki, deni linafutika. Kwa hiyo si bima ya bure kama watu wanavyosema vijiweni, ina kazi yake. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba mkopaji haachiwi karatasi yoyote ya bima. Nimeshaona mjane amekaa mbele yangu anaomba apunguziwe marejesho ya mkopo wa mumewe, amebeba shilingi elfu hamsini kwenye kitambaa, na mkopo wenyewe una bima. Hakuna aliyemwambia alete cheti cha kifo tu.

Kwa swali lako: andika barua, usiulize kwa mdomo. Omba nakala ya cheti au masharti ya bima, jina la kampuni ya bima, kiasi ulichokatwa mara ya kwanza na mara ya pili, na kama kuna sehemu ya kipindi ambacho hakikutumika inayorudishwa ukifunga mkopo mapema. Hilo la mwisho linategemea mkataba wa benki na kampuni ya bima, zipo zinazorudisha, na asiyeomba hapewi. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mlaji wa huduma za fedha za 2019 zinakupa haki ya kuelezwa gharama zote kabla hujasaini. Benki ikikupiga chenga, peleka malalamiko Benki Kuu ukiwa na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo usisahau. Ikiwa ugomvi ni wa kampuni ya bima kukataa kulipa, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwl_Igunga:

Marahaba. Muhuri nimekuelewa. Kesho nashuka mjini.

Neema_RG:

Asanteni sana. FundiFaili, nimeshamfungia yule mtu, akapiga kwa namba nyingine, nayo nimefungia.

Nimekaa na mama leo. Kadi aliichukua 1999, akaifunga Novemba 2021 alipostaafu. Taarifa za zamani alikuwa anazihifadhi kwenye bati la biskuti, nyingi ni za 2004 na 2005. Kila mwezi kuna mstari "Payment Cover". Mfano huu hapa: deni 1,850, Payment Cover 14.62. Yeye anasema alidhani ni ada ya kadi, na 2010 uliacha kutokea, hakujua kwa nini. Hajawahi kulalamika popote.

FundiFaili:

Ndiyo yenyewe hiyo. Peni 79 kwa kila pauni 100 unayodaiwa, ndiyo ilikuwa bei ya kawaida kwenye kadi nyingi. Ukiwa na deni la 1,850 unapata hiyo 14.62. Mteja akipunguza deni inapungua, akiongeza inaongezeka, ndiyo maana watu hawakuishtukia.

Na angalia ukatili wake kwa mama. Nesi wa NHS aliyetimiza miaka mitano kazini akiugua analipwa mshahara kamili miezi sita, kisha nusu mshahara miezi sita mingine. Huyo ndiye aliyeuziwa bima ya kulipa kadi akiugua.

Kesi inayomhusu ni Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland, Mahakama ya Juu, Oktoba 2023. Kadi ya Bi Smith ilikuwa na PPI iliyokoma 2006, lakini akaunti yenyewe iliishi hadi 2015. Benki ikasema miaka sita imepita tangu bima ikome. Mahakama ikasema hapana, uhusiano unaotazamwa ni wa mkopo, nao uliisha akaunti ilipofungwa, miaka sita inaanzia hapo. Kwa mama maana yake ni hadi Novemba 2027. Ila msilale, maana hakimu anaruhusiwa kuzingatia uzembe wa mdai anapoamua alipwe kiasi gani.

Anzeni na ombi la taarifa binafsi kwa benki. Ni bure, wana mwezi mmoja wa kujibu. Ombeni taarifa zote za kadi, tarehe bima ilipoanza na ilipokoma, na kiasi cha kamisheni. Wanaweza kudai rekodi za zamani zimefutwa, na hapo bati la biskuti litawaumbua. Hela ikiwa ndogo, mama anaweza kufungua mwenyewe kwenye madai madogo, yale yasiyozidi pauni 10,000. Ada ya kufungua dai la kati ya 1,500 na 3,000 ni pauni 115, na kwa kawaida ukishindwa hubebeshwi gharama za mawakili wa benki. Mkichagua wakili wa kulipwa akishinda, someni asilimia yake kabla ya kusaini. Nimeona watu wamekatwa nusu.

Kisu Kikali:

Haya mkuu, nimenyamaza. Sasa mimi nilichukua gari kwa mkopo 2018, muuza gari ndiye alinitafutia mkopeshaji. Nami nina changu?

FundiFaili:

😀 Mtu mzima, ulisaini.

Inawezekana unacho. Hadi 28 Januari 2021 ilipopigwa marufuku, wauza magari wengi walikuwa na ruhusa ya kukupandishia riba wenyewe, na wakipandisha kamisheni yao inapanda. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilitupa sehemu kubwa ya hoja za wateja kwenye kesi hizo, lakini Bw. Johnson alishinda kwa kifungu kilekile cha 140A. Kamisheni yake ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo, akarudishiwa pauni 1,650.95 na riba. Mwandikie mkopeshaji wako moja kwa moja, ni bure, usimpe mtu asilimia. Uliza tu: kulikuwa na kamisheni, ya aina gani, kiasi gani. Na fungua uzi wako, tusimjazie Neema hapa.

Neema_RG:

Swali moja tu la mwisho. Mama alifungua kadi kwa jina la ubini wake kabla hajabadilisha, na tulihama nyumba mara kadhaa. Ombi likatumwa kwa jina lipi?

FundiFaili:

Yote mawili. Jina la sasa juu, chini yake "zamani nikijulikana kama", kisha anwani zote mlizowahi kukaa tangu 1999 na namba ya kadi kutoka kwenye hizo taarifa. Ambatanisha nakala ya cheti cha ndoa. Mama asaini mwenyewe, na kama wewe ndiye utakayewasiliana nao kwa niaba yake, aandike hivyo kwa maandishi, vinginevyo watakurudishia barua wakisema hawawezi kuzungumza nawe. Tuma kwa njia ya posta inayosainiwa, tunza risiti.